Kumwazima Rafiki Vitabu vya Kufikirisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu vitabu visivyo vya kubuni: historia, sayansi, uchumi, falsafa, tawasifu, yaani vile ambavyo mtu akishavifunga anabaki anabishana navyo kichwani. Riwaya na mashairi vina adabu zake, na hatutavigusa hapa.

Nataka kumpendekezea rafiki yangu kitabu. Nianzie wapi?

Anza na swali ambalo yeye tayari analo. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunasoma kitabu, kinatukosesha usingizi, halafu tunaanza kutafuta mtu wa kumtwisha. Rafiki anayelalamika kila wiki kwamba vikao vya kazini havizai kitu hana haja na historia ya dola ya Roma, hata kama wewe umeisoma mara mbili. Ana haja na kitabu kinachoeleza kwa nini watu kumi wenye akili wakikaa pamoja wanaweza kufikia uamuzi ambao hakuna hata mmoja wao angeufikia peke yake.

Swali la mtu hulijui kwa kumuuliza "unapenda vitabu gani?" Ukimuuliza hivyo atakujibu kwa heshima tu: "Vyovyote." Sikiliza jambo analolirudia. Kuna anayeuliza kila mkikutana kwa nini ndugu yake msomi anaamini kila uvumi unaopita kwenye simu. Kuna ambaye baba yake amezeeka, na kila akitoka hospitali anasema madaktari hawamwelezi kitu. Mwingine amepata mtoto na ghafla anataka kujua binadamu anajifunzaje kusema. Hayo ndiyo maswali yenyewe. Kitabu kinachokutana na swali la namna hiyo kinasomwa hata kama ni kigumu, na kisichokutana nalo kinaishia kabatini hata kiwe kitamu namna gani.

Jambo la pili ni kujua kitu cha mwisho alichokisoma mpaka mwisho. Makala ndefu ya gazeti nayo inahesabika. Hapo utajua pumzi yake ikoje.

Nimpe vingapi kwa mpigo?

Kimoja. Ukimpa vitatu umempa kazi ya nyumbani.

Niseme nini ninapompa?

Sema machache, tena yenye kumsaidia. Maneno kama "hiki kitabadilisha maisha yako" yanaharibu kitabu kabla hakijafunguliwa, kwa sababu msomaji anakaa akisubiri maisha yabadilike, na kufika ukurasa wa hamsini anajiona ana kasoro. Mwambie mambo manne: kwa nini umemfikiria yeye, aanzie wapi, aruke wapi, na ni wapi wewe mwenyewe hukukubaliana na mwandishi. Hilo la mwisho ndilo linalompa ruhusa ya kubisha.

Ujumbe wa simu unaweza kuwa hivi:

"Dada, kile kitabu cha historia ya dawa nimekileta, kiko mezani kwako. Utangulizi uruke, unachosha. Anza sura ya tatu, ile ya chanjo, ndipo utakapokuta lile swali lako. Sura ya mwisho mimi nimegombana nayo, ila sikwambii kwa nini mpaka ufike. Nitakihitaji mwisho wa mwezi ujao."

Tazama kilichomo. Hakuna sifa hata moja ya kitabu, na bado mtu akiusoma ujumbe huo anataka kujua ugomvi wenyewe ni upi. Siku ya kurudisha nayo imeshatajwa, bila kelele.

Je, kitabu kinaweza kumkwaza mtu?

Kinaweza, tena sana. Kitabu cha kutunza fedha ukimpa mtu mwenye madeni, cha unene ukimpa mtu mnene, cha ndoa ukimpa aliyegombana na mwenzake jana, hapo humjali tena kwa kitabu. Umempa hukumu yenye jalada. Nia yako inaweza kuwa safi kama maji na bado yeye akasoma jina la kitabu tu na kunyamaza kwa wiki mbili.

Njia ninayoiona salama ni kusubiri yeye mwenyewe alitaje jambo hilo, kisha useme kipo kitabu ulichokisoma juu yake, na unyamaze. Akikitaka ataomba. Vitabu kuhusu uzee, maradhi na kufa vinahitaji uangalifu zaidi. Kwa mtu mwenye mgonjwa nyumbani vinaweza kuwa faraja kubwa ajabu, au vikawa msumari wa moto juu ya kidonda, na wewe huna namna ya kujua kipi kati ya hivyo viwili. Mwache achague siku yake.

Njia nyingine ni kuzunguka. Mtu anayehangaika na matumizi yake anaweza kukipokea kwa raha kitabu kinachoeleza jinsi wafanyabiashara wanavyopanga bei na rafu ili sote tununue tusichokihitaji. Kinazungumzia jambo lile lile, lakini anayewekwa mezani kuchunguzwa ni mwingine.

Rafiki yangu tunatofautiana kabisa kisiasa. Nimpe kitabu kitakachomfungua macho?

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na hakuna anayependa kuchaniwa kwa nguvu. Ukitaka asome chako, soma chake kwanza. Mwambie: "Nichagulie kitabu kimoja unachoona kinaeleza vizuri upande wako, nikisome chote, halafu na mimi nikuchagulie kimoja." Kisha ukisome kweli, wala usikipitie kwa kalamu nyekundu ukitafuta makosa. Kama huko tayari kwa sehemu hiyo ya mapatano, jibu la swali lako ni hapana.

Nitajuaje kwamba kitabu ninachompa kina ukweli?

Swali hili watu hawaliulizi vya kutosha. Kitabu kisicho cha kubuni kinadai kusema yaliyopo, na ukimpa mtu unakuwa umemwekea dhamana kidogo. Kwa hiyo kabla ya kukitoa fungua nyuma. Kuna tanbihi? Kuna marejeo? Dai kubwa la sura ya pili limetegemea utafiti mmoja au mingi? Mwandishi amefanya kazi katika jambo hilo, au amelikusanya kwa muda mfupi? Kisha tafuta uhakiki mmoja wa mtu anayelijua somo na hakukipenda kitabu. Uhakiki mkali mmoja una faida kuliko sifa kumi za jalada la nyuma.

Hata waandishi wakubwa huteleza. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alitoa mwaka 2011 kitabu maarufu kuhusu fikra za haraka na fikra za polepole. Sura moja ilitegemea tafiti zilizodai kwamba neno au picha ndogo tu inaweza kuelekeza mwenendo wa mtu bila yeye kujua. Watafiti wengine walipozirudia tafiti za aina hiyo, nyingi hazikutoa matokeo yale yale, na mwaka 2017 Kahneman mwenyewe aliandika hadharani kwamba aliziamini kupita kiasi tafiti zilizofanywa kwa watu wachache mno. Je, kitabu kitupwe? La hasha. Mimi ningemwazima mtu leo hii, lakini ningechomeka kikaratasi kwenye sura hiyo chenye maneno mawili matatu: hapa soma kwa tahadhari, na mwandishi mwenyewe amekiri.

Vitabu vya utabiri navyo mpe mtu pamoja na mwaka wake. Mwaka 1968 Paul Ehrlich, mwanabiolojia Mmarekani, alitangaza katika kitabu chake kuhusu ongezeko la watu kwamba miaka ya 1970 mamia ya mamilioni ya watu wangekufa kwa njaa. Njaa zilikuwapo, lakini si kwa kiwango hicho. Mavuno ya nafaka yaliongezeka kwa kasi ambayo hakuitarajia. Kukisoma leo kunafundisha jambo jingine kabisa: jinsi hoja iliyopangika vizuri, yenye takwimu na uhakika wote, inavyoweza kukosea. Ni somo zuri, mradi msomaji ajue ndilo analopewa.

Kitabu cha zamani bado kina maana?

Mara nyingi kina maana kuliko kipya, kwa sababu kimeshapigwa na mvua. Kitabu cha Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972, wakati alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Takwimu zake zinaishia huko huko, lakini hoja yake bado inajadiliwa na wanahistoria na wachumi, wapo wanaoiendeleza na wapo wanaoipinga. Mpe rafiki yako, umwambie mwaka, na kama unaweza umtajie mtu mmoja anayempinga.

Sayansi ni habari nyingine. Kitabu cha lishe au cha ubongo chenye miaka ishirini nisingekipa mtu bila kwanza kuangalia kama kuna toleo jipya.

Rafiki yangu si msomaji. Kitabu kina kurasa 500.

Usimpe kurasa 500. Mpe sura moja. Uzuri wa vitabu hivi ni kwamba vingi havilazimishi kusomwa kutoka jalada hadi jalada: kuna yaliyomo mbele na faharasa nyuma, na hakuna dhambi kuingia katikati. Chomeka alama mwanzo wa sura na nyingine mwisho wake, umwambie aishie hapo. Akitaka zaidi, kitabu si anacho mkononi?

Hesabu nayo inasaidia. Anayesoma kurasa 20 kwa siku anamaliza kitabu cha kurasa 320 kwa siku 16. Anayesoma kurasa 5 akiwa njiani au kabla ya kulala atahitaji siku 64, zaidi ya miezi miwili. Watu wengi wenye kazi na watoto wako upande huu wa pili. Ukijua hivyo hutashangaa kitabu kisiporudi baada ya wiki tatu.

Kama rafiki yako haisomi kwa raha lugha ya kitabu, tafuta tafsiri kwanza, au kitabu kingine chenye swali hilo hilo. Kusoma jambo gumu kwa lugha ngumu ni kubeba mizigo miwili. Vitabu vya kusikiliza ni vizuri kwa historia na tawasifu, lakini vyenye michoro na majedwali vinapoteza nusu yake.

Nimwazime nakala yangu, au nimnunulie yake?

Azimisha kile unachoweza kukipoteza bila kumpoteza na rafiki. Nakala yenye maandishi ya marehemu mzazi wako, au isiyochapishwa tena, asomee kwako. Kama kitabu unakiazimisha mara kwa mara na uwezo unaruhusu, kuwa na nakala ya pili iliyotumika, ya kuzunguka tu.

Kuhusu kununua: zawadi haina tarehe ya kurudi, kwa hiyo haina haraka ya kusomwa. Cha kuazima kinasomwa upesi zaidi. Hiyo ni hoja ya kuazimisha ambayo watu huisahau.

Alikuwapo Mfaransa mmoja wa karne ya 16, Jean Grolier, mkusanyaji mkubwa wa vitabu, ambaye aliamuru majalada yake mengi yapigwe chapa ya maneno ya Kilatini yenye maana kwamba ni vya Jean Grolier na marafiki zake. Vile vilivyobaki leo vinatunzwa kama dhahabu.

Niweke muda wa kurudisha? Naona kama namdai.

Weka. Kukopa harusi, kulipa matanga, na matanga yanakuwa makubwa zaidi pale ambapo hakuna aliyetaja siku. Tarehe si lazima iwe kali, iambatanishe na jambo mnalolijua wote wawili: "mpaka ukirudi safari," "kabla shule hazijafunguliwa."

Andika jina lako ndani ya jalada, kwa wino. Kisha weka kumbukumbu: kitabu, nani, lini. Daftari linatosha. Wengine humpiga rafiki picha akiwa ameshika kitabu, na simu inatunza tarehe yenyewe. Kumbukumbu hiyo ni kwa ajili yako zaidi kuliko yake, kwa sababu baada ya mwaka utakuwa na uhakika kabisa kwamba kitabu kiko kwa mtu fulani, na utakuwa unamsingizia.

Miezi imepita na hakijarudi. Nimwambieje?

Mwambie wazi, mapema, kabla hujaanza kuwa na kinyongo. Mafumbo hayafai. Kumuuliza "vipi, umekionaje kile kitabu?" ukitumaini atakumbuka kukirudisha ni kumtega: kama hajakisoma ataona haya, na mwenye haya anaanza kukukwepa. Basi umepoteza vyote viwili.

"Kaka, habari za siku nyingi. Kile kitabu cha uchumi nakihitaji, kuna mahali nataka kuparejea. Jumamosi nikipita kwako nitakipata? Kama hujamaliza usijali, nikishaangalia nitakurudishia."

Sababu uliyoitaja iwe ya kweli. Na ukimwambia utamrudishia, mrudishie.

Akisema kimepotea, mwache aseme mwenyewe atafanyaje. Muungwana atajitolea kukinunua. Ukubali, usijifanye malaika, maana kukataa kunamwacha na deni lisilolipika. Asiyejitolea, utakuwa umejua jambo moja kuhusu vitabu na yeye: muendelee kuwa marafiki, asome vya kwako akiwa sebuleni kwako.

Nimuulize kama amekisoma?

Hapana. Ataongea mwenyewe.

Amekisoma na amekichukia.

Vizuri, hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Muulize ni ukurasa upi uliomuudhi, si kwa nini amekichukia. "Kwa nini" inaleta hotuba, ukurasa unaleta kitabu mezani. Fungueni mahali hapo mkisome pamoja, kwa sauti kama mnaweza. Mara nyingi utakuta sentensi ambayo wewe uliipita bila kuiona, au utakuta mwandishi hakusema alichoeleweka kusema. Usikitetee kitabu kana kwamba umekiandika.

Kimerudi kimeandikwaandikwa, au kimelowa.

Ni mambo mawili tofauti.

Maandishi yategemee mwandikaji. Mwandishi Mwingereza Charles Lamb, katika insha ya mwaka 1820 iliyowagawa binadamu wote kuwa wakopaji na wakopeshaji, alishauri kwamba vitabu waazimwe watu kama rafiki yake mshairi Coleridge, kwa kuwa alivirudisha vikiwa na maelezo pembeni yaliyozidisha thamani yake mara tatu. Wengi wetu si Coleridge. Kama hupendi kuandikiwa, sema siku ya kutoa. Kama unapenda, sema vilevile, na umpe penseli. Kitabu cha hoja chenye mabishano ya watu wawili pembeni, kila mmoja na mwandiko wake, mimi naona kina raha kuliko kipya.

Kilicholowa kina haraka, kwa maana kuvu inaweza kuanza ndani ya siku mbili. Usikianike juani wala kukipasha joto kali. Karatasi hupinda na gundi huachia. Kama kimelowa kidogo tu, kisimamishe wima, kurasa zikiwa zimetanuka kama feni, mahali penye hewa inayopita. Kama kimelowa sana kilaze, kisije kikararuka kwa uzito wake, na uchomeke karatasi nyeupe za kufyonza maji kila baada ya kurasa kadhaa, ukizibadilisha zikilowa. Kurasa zenye kung'aa, zile za picha, zitenganishe kabla hazijakauka, la sivyo zitagandana moja kwa moja. Huna nafasi leo? Kitie kwenye mfuko wa plastiki na ukigandishe kwenye friza. Maktaba hufanya hivyo baada ya mafuriko. Kinatulia humo mpaka upate muda.

Naweza kumtumia kitabu cha kielektroniki?

Cha karatasi ulichokinunua ni mali yako, na katika nchi nyingi sheria inakuruhusu kukiazimisha, kukigawa au kukiuza. Huko Marekani suala hili lilifika Mahakama ya Juu mwaka 1908: mchapishaji alikuwa amechapa ndani ya kitabu onyo kwamba kisiuzwe chini ya dola moja, akashindwa kesi.

Cha kielektroniki kwa kawaida hununui kitabu, unanunua ruhusa ya kukisoma. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kutoka kwenye vifaa vya wateja nakala za vitabu viwili vya George Orwell, baada ya kugundulika kwamba aliyeviuza hakuwa na haki navyo; wateja walirudishiwa pesa zao, lakini vitabu viliondoka. Kwa hiyo soma masharti ya duka lako. Kutuma nakala ya faili kwa rafiki si kuazimisha, ni kunakili. Njia rahisi ni kumpa kifaa chenyewe kwa siku kadhaa, kama unamwamini kiasi hicho, au kumwelekeza kwenye maktaba inayoazimisha faili.

Na nikiwa mimi ndiye niliyeazima?

Usikiazimishe kwa mtu wa tatu. Usikunje pembe za kurasa. Ukiona hutakisoma, kirudishe sasa hivi na useme hivyo. Hakuna mwenye kitabu anayechukia kusikia ukweli huo. Na usiogope kuomba. Benjamin Franklin, mchapishaji na mwanasiasa Mmarekani wa karne ya 18, anasimulia kwamba kulikuwa na mjumbe wa bunge la Pennsylvania aliyempinga. Alisikia bwana huyo ana kitabu adimu, akamwandikia kuomba akiazime kwa siku chache. Alikirudisha baada ya wiki hivi, pamoja na barua ya shukrani. Walipokutana tena bungeni bwana yule alimsemesha kwa mara ya kwanza, tena kwa adabu, na wakawa marafiki mpaka alipofariki.

Tuko marafiki kadhaa. Tuviweke vitabu vyetu pamoja?

Franklin huyo huyo alijaribu na wenzake: kila mmoja alete vyake kwenye chumba walichokutania. Baada ya mwaka hivi mpango ulivunjika, kwa sababu vitabu havikutunzwa ipasavyo, na kila mtu akachukua vyake akaenda navyo nyumbani. Mwaka 1731 wakaanzisha maktaba ya wanachama wanaolipa ada, na hiyo ipo mpaka leo Philadelphia. Tofauti ni kwamba ya pili ilikuwa na masharti na mtu wa kusimamia.

Kwa kikundi cha watu watano sita, kila mtu abaki na vyake nyumbani. Mnachokiweka pamoja ni orodha: jina la kitabu, mwandishi, mwaka, nani anacho, kiko kwa nani sasa. Mmoja aishike orodha kwa miezi mitatu, kisha ampe mwingine.